Baba Mchanga

Usiku wa kuamkia jana, saa nane, nilisimama barabarani kwa kikoi na fulana iliyotoboka kwapani. Ploti nzima ilikuwa nje: wanawake na leso zao, watoto wakilia, mzee wa chumba cha kwanza amekumbatia redio kama hati ya shamba. "Usiguse swichi," watu walinong'onezana, utadhani moto una masikio. Mkali kuliko wote nilikuwa mimi. Nilimpokonya kijana mmoja sigara ambayo hata hakuwa ameiwasha. Nikapaza sauti kwamba haya matangi ya mafuta ya jirani yatatumaliza, na tumesema mara ngapi!

Harufu ilikuwa ya mayai viza. Mlinzi wetu, mtu asiye na haraka na dunia, alipita akinusa mlango kwa mlango mpaka akafika kwangu. Akanusa. Akarudi nyuma hatua moja, akanusa tena.

"Ni huku," akasema.

Waliingia watu kama kumi na simu zao za tochi, wakakuta tangi la kioo la futi tatu, maji ya kijivu, na chini mchanga.

"Samaki wako wapi?" mama mwenye nyumba akauliza.

"Bado, mama."

"Bado vipi?"

Nikaanza kumweleza kwamba tangi la maji ya bahari halitiwi samaki mpaka zipite wiki nne, pengine sita, kwa sababu kuna vijidudu lazima kwanza...

"Mwanangu," akanikata, "kumbe wewe wafuga mchanga."

Kicheko kile nakisikia hadi sasa.

Utetezi wangu ni mrefu, na usiku ule hakuna aliyetaka kuusikia. Samaki hutoa amonia mchana kutwa, na baharini inapotea kwa wingi wa maji. Ndani ya lita mia mbili haina pa kwenda. Itamchoma matamvua afe. Kinachomwokoa ni bakteria wa aina mbili: mmoja hula amonia akaacha naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha mwenzake hula naitraiti akaacha naitreti, ambayo samaki wengi huivumilia. Bakteria hao hupanga kwenye mawe na mchanga, na kuzaana kwao ni kwa taratibu kama foleni ya feri. Kwa hiyo ndiyo, mama, kwa wiki sita unafuga mchanga.

Lakini mchanga upi? Hapa ndipo nilipopotelea. Mchanga mweupe wa fukwe za matumbawe si mwamba uliosagika kama ule wa mto unaoletwa na malori kutoka bara. Ni matumbawe, makome na mwani wenye chokaa, na sehemu yake, nisamehewe, ni choo cha pono. Pono hukwangua tumbawe kwa ule mdomo wake wa kasuku, akalisaga kooni kwa meno ya pili, akala uhai uliomo, kilichobaki akakitoa nyuma kikiwa mchanga safi. Wale wakubwa hutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Watalii hulipa nauli ya ndege kuja kulalia hicho kitu. Ukidondoshea siki ya achari, mchanga huo unatoa povu, kwa kuwa ni chokaa, na chokaa hiyo husaidia maji yasigeuke kuwa na asidi. Ule wa mto ukiutilia siki unakutazama tu. Halafu unapitisha sumaku juu yake: ikinasa chembe nyeusi, una chuma ndani, utupe.

Siki na sumaku ninazo. Nilichokosa ni nauli na subira, na pia sikutaka askari wa wanyamapori aniulize nazoa nini ufuoni. Matumbawe yenyewe sikuthubutu hata kuyaota. Basi maji yalipokupwa, siku ya bamvua, nikateremka kwenye mikoko ya Port Reitz, hatua chache kutoka nyumbani, nikajaza magunia mawili. Juu ulikuwa mweupe wa kupendeza. Nilipoutilia siki ulitoa povu kidogo, kwa ajili ya vipande vya makome, nami nikajitia sioni kwamba ni kidogo.

Chini ya weupe ule, vidole viwili tu, mchanga wa mikoko ni mweusi. Oksijeni haifiki, na bakteria wanaoishi humo hawakubali kufa kwa sababu hiyo: wanapumua salfeti, ambayo maji ya bahari yamejaa, na pumzi wanayotoa ni haidrojeni salfaidi. Ikikutana na chuma cha topeni inageuka nyeusi. Ikikosa chuma inapanda juu kutafuta pua, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa chembe chache katika bilioni ya hewa. Ubaya wake ni kwamba ikizidi sana huua pua kwanza. Ukiona harufu imekatika ghafla, usishukuru, kimbia. Jioni ile niliusawazisha mchanga wangu kwa mwiko wa ugali, nikalala na madirisha wazi. Saa sita stima ikapotea, pampu ikazima, maji yakatulia juu ya uovu wote ule. Kitandani pangu naona mabomba ya moshi ya mitambo ya stima ya Kipevu.

Makosa mengine ni madogo. Silikoni niliyozibia kioo ilikuwa ya bafuni, yenye dawa ya kuua kuvu. Koki ilikuwa ya shaba, ambayo huua kamba kabla hujawapa majina. Nilinunua hita. Mombasa.

Hilo la hita nilicheka mwenyewe. La watu kutoka nje usiku sikucheka, na hata jana mchana, nilipokuwa nabeba mchanga kuurudisha kwa ndoo, sikucheka. Bomba la mafuta lililoanza kwenda Nairobi mwaka 1978 lilianzia huku kwetu. Mwisho wake wa Nairobi ndiko uliko mtaa wa Sinai, ambako Septemba 2011 petroli ilivuja mtaroni na watu zaidi ya mia wakateketea. Ploti ile ilijua la kufanya bila kufundishwa na mtu: swichi, sigara, watoto, barabarani. Hakuna aliyewahi kuja kutugongea mlango kutwambia harufu ipi ni ya hatari na ipi ni ya bahari. Tunasomeshana wenyewe kwa uoga. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilimwagika kwenye mkondo wa Makupa, mikoko ikafa. Owino Uhuru, hapo jirani, watu walivuta risasi ya betri kuukuu miaka na miaka; mwanaharakati Phyllis Omido akapeleka kesi mahakamani, na mwaka 2020 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 ambayo iliendelea kukatiwa rufaa. Mimi mchanga wa samaki ambao sijawanunua niliupima kwa siki, kwa sumaku na kwa karatasi za kupimia asidi. Udongo wanaochezea watoto wa ploti yetu sijasikia umepimwa na nani.

Asubuhi hii nilipotoka, mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni kwake, kiberiti mkononi, mahamri yakingoja mafuta.

"Baba Mchanga," akaniita, kwa heshima zote. "Leo twaweza kuwasha?"

Nikanusa. Nikamwambia awashe.