Mjadala wa Muhuri na Benchi juu ya Staji

Baina ya saa sita na saa nane za mchana, ofisi za Bujumbura zifungapo milango ili wenyewe wende wakale na kujinyoosha, na hasa katika majira ambayo esansi imeadimika hata gari la Mkurugenzi likalala katika safu ya kituo cha mafuta pamoja na magari ya raia likingoja zamu, vitu vya idara moja ya Rohero hupata faragha ya kusema. Waliosema siku hiyo ni wawili: Muhuri, akaaye mezani juu ya wino wake, na Benchi wa ujiani, mvule mtupu, aliyechongwa Buyenzi kabla ya uhuru, ambaye mwenyewe hudai kuwa aliazimwa na serikali kwa ajili ya mkutano mmoja tu, asirudishwe mpaka hivi leo. Baina yao ulikuwapo mlango wazi, na mezani ilikuwapo karatasi moja: cheti cha staji, yaani mafunzo ya kazini, cha kijana wa mwaka wa mwisho katika elimu ya siasa, kilichokamilika kila neno isipokuwa kugongwa.

MUHURI: Bibi Benchi, nakupa bishara njema. Ikifika saa nane nitamtia heshima yule kijana wako. Cheti chanena kwamba ameonyesha nidhamu, bidii na ari, na kwamba amejipatia maarifa makubwa ya uendeshaji wa mambo ya umma.

BENCHI: Maneno hayo, mjukuu wangu, nayajua tangu zamani. Mwaka jana yalimsifu binti mmoja aliyefanya kazi mpaka akaugua, na mwaka juzi yalimsifu yule bwana aliyeonekana hapa siku ya kwanza na siku ya mwisho.

MUHURI: Huo ndio uadilifu wa serikali, Bibi! Haimpendelei aliyekuja juu ya asiyekuja.

BENCHI: Na je, cheti chaeleza namna alivyoipata hiyo staji? Maana mimi nilimhifadhi hapa siku zile za kuomba. Aliambiwa kwamba maadamu Gitega ndiyo mji mkuu wa siasa, barua yake haina budi kupelekwa huko. Akapanda milima kwa nauli aliyokopa, na huko akaambiwa kwamba idara anayoitaka bado ingali Bujumbura. Akashuka. Barua ile ikalala katika faili hata yule mjomba wake, ambaye hana cheo kinachotajika ila ana simu inayopokewa, alipotamka maneno machache jioni moja. Kesho yake asubuhi kijana akakaribishwa kana kwamba alikuwa akingojwa.

MUHURI: Alhamdulillahi, mambo yakatengenea.

BENCHI: Yalitengenea, ndiyo. Na hilo lilikuwa somo lake la kwanza la siasa, nalo lilikuwa somo kamili, walakini halimo katika ripoti.

MUHURI: Haliwezi kuwamo. Ripoti ina milango yake: utangulizi, historia ya idara, muundo wa idara, changamoto na mapendekezo. Mjomba utamtia katika mlango gani?

BENCHI: Katika muundo wa idara.

(Hapa Muhuri alinyamaza kitambo. Kwa insafu yapasa kusemwa kwamba si mjinga. Barua alizogonga ni nyingi mno, hawezi kutozijua njia zipitiwazo na mambo. Ila ujuzi wake wote umo katika mpira ulioandikwa kinyumenyume, na kila alijualo hana budi kuligeuza kwanza ndipo lisomeke.)

MUHURI: Wewe, Bibi, wataka kuidhalilisha staji, ilhali mataifa makubwa yaitukuza. Huko Uingereza chuo kikuu cha Hull huwatoa baadhi ya wanafunzi wake wa siasa kwa mwaka mzima, wakakaa Westminster kwenye ofisi za wabunge, wakaandika hotuba na kujibu barua za raia. Mwaka mzima!

BENCHI: Nao hupewa viti?

MUHURI: Bila shaka hupewa viti na meza.

BENCHI: Huyu wetu hakupewa. Alitumwa fotokopi, akatumwa maji, akatumwa kuangalia kama esansi imefika kituoni. Na kazi zilipokwisha alikuja kukaa kwangu pamoja na wanaongoja.

MUHURI: Kiti cha serikali ni amana nzito, Bibi. Ukimkalisha mtu juu yake miezi mitatu, hushikwa na dhana kwamba kiti ni chake, na kumwondoa huwa ni taabu. Sina haja ya kutoa mifano.

BENCHI: Usiitoe, mjukuu wangu, dirisha li wazi. Nami sikuhuzunika, kwa kuwa kukosa kiti kulimfaa. Hapa kwangu alikaa ubavuni pa mjane wa Kinama aliyeporwa kiwanja na shemeji zake, akakaa na wazee wa Gatumba ambao ziwa lilipanda likawafuata mpaka vyumbani, akakaa na fundi wa Buyenzi aliyekuwa akitafuta ruhusa moja huku akiombwa karatasi tano. Siku za awali alitazama simu yake. Baadaye akaanza kuuliza, na alipouliza akaanza kuandika. Akajaza daftari zima. Akajua nani hurudishwa kesho na nani huingizwa kwa mlango wa nyuma, na kwa nini mjane yule hakupata kutaja neno la kiwanja mbele ya karani bila ya kwanza kuulizwa ni mke wa nani.

MUHURI: Daftari hilo sikuliona.

BENCHI: Hukuliona kwa sababu msimamizi wake alimwambia kwamba hayo ni porojo za ujiani. Basi akachukua ripoti ya mwanafunzi wa mwaka uliopita, akainakili historia ya idara neno kwa neno, na makosa yake yote.

MUHURI: Ndiyo niliyoiona! Ilipendeza sana.

BENCHI: Hebu nikusimulie staji usiyopata kuigonga. Alikuwapo kijana mmoja, mwana wa mfalme, Mwami Mwambutsa, Louis Rwagasore jina lake, ndiye huyu ambaye barabara hapo nje yaitwa kwa jina lake. Alisoma Antwerp katika Ubelgiji, na aliporejea angeweza kukaa ikulu akahudumiwa. Badala yake, mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, akawa akija barazani kwa Waswahili wa Buyenzi, akikaa na wauza samaki na wauza vitambaa, akisikiliza habari za bei na kodi na dharau ya wakubwa. Uliemewa ule ushirika, sitakuficha. Hesabu zilikuwa mbovu na deni likamwandama. Lakini watu aliwajua mmoja mmoja, nao wakamjua.

MUHURI: Nani alikuwa msimamizi wake?

BENCHI: Wauza samaki.

MUHURI: Ajabu! Na ripoti ilikuwa na kurasa ngapi?

BENCHI: Iliwasilishwa tarehe 18 Septemba 1961, siku ya uchaguzi. Chama chake cha UPRONA kilipata viti 58 katika viti 64 vya bunge. Haukutimia mwezi, tarehe 13 Oktoba, akauawa.

MUHURI: Mwenyezi Mungu amrehemu. Walakini niwie radhi, Bibi, niulize jambo la kazi: cheti chake kiligongwa na nani?

BENCHI: Hakugongewa cheti.

MUHURI: Hata barua ya kuanza?

BENCHI: Hata hiyo.

MUHURI: Basi nasikitika. Kwa kanuni za idara hii, Mwanamfalme hakufanya staji. Akiwa na jamaa aliye hai, na alete ombi, nakala tatu, pamoja na picha mbili za pasipoti. Na kama ni Gitega, mwambie aanzie huko.