Shemeji, Si Ungesema!

Upepo uling'oa mabati matatu ya jiko langu hapa Lembeni. Nilihitaji shilingi 80,000. Kikoba chetu hukutana Jumapili, na mvua haina kalenda. Nikaenda kwa shemeji. Alinisikiliza vizuri sana, akanikaribisha chai, akauliza hali ya mahindi. Ilipofika zamu ya hela, akakohoa. Tunasemwa sisi Wapare kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Uzushi mtupu. Ila kukopeshana bila karatasi na mashahidi wawili, hilo nalo ni neno.

Nikageukia simu. Programu moja ilinipa hela ndani ya dakika tano, haikutaka shamba wala mbuzi, ilitaka tu kusoma majina yote niliyohifadhi. Nikakubali. Nilipochelewa siku mbili, mchungaji, fundi bati na mwalimu wa mwanangu wakatumiwa ujumbe kwamba mimi ni tapeli. Mikopo hii mtaani inaitwa kausha damu. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni.

Shemeji naye aliupata ujumbe. Akanipigia saa hiyo hiyo.

“Kumbe una shida, shemeji? Si ungesema!”