Jezi ibeti, mchezaji asibeti

Kwa Wakuu wa Chama cha Soka cha England (FA),
Uwanja wa Wembley,
London.

Waheshimiwa,

YAH: PONGEZI KWA KUTULINDIA MAADILI NJE YA UWANJA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzima wa afya, na ni matumaini yangu kuwa nanyi huko Wembley hamjambo, wala hamjapungukiwa na wadhamini.

Huku Dar es Salaam mechi zenu ndizo Jumamosi yetu. Kibanda umiza kinajaa hadi mlangoni, feni moja inazunguka kwa kusitasita, na karibu kila aliyekaa kwenye benchi ana mkeka wake kwenye simu. Ndiyo maana mnapomfungia mchezaji kwa kubeti, sisi tunashtuka kuliko watu wa London. Aliyefungiwa anafanana sana na sisi, isipokuwa yeye anajua kufunga mabao.

Nianze na pongezi za dhati. Mwezi Mei 2023 mlimfungia Ivan Toney, straika wa Brentford, miezi minane asijihusishe na soka, na juu yake mkaongeza faini ya pauni 50,000. Alikuwa amekiri kuvunja kanuni za kubeti mara 232 kati ya mwaka 2017 na 2021. Msimu ule alikuwa ameshatia kambani mabao 20 ya Ligi Kuu. Simtetei. Mara 13 aliweka pesa ili timu yake mwenyewe ifungwe. Ni kweli hakucheza hata moja ya mechi hizo, na tume iliyomsikiliza ilisema haikuona ushahidi wa kupanga matokeo. Hata hivyo, mtu hali mshahara wa klabu huku anaiombea mabaya kwa pesa taslimu. Kwa hilo mlikuwa na haki, na ningekuwa mimi mwenye kalamu ningesaini palepale.

Ninachokipongeza hasa ni ujasiri wenu, na ili uonekane vizuri itabidi tufuate jezi za huyu kijana, moja baada ya nyingine. Alipoanza makosa hayo ya kubeti alikuwa mali ya Newcastle, ambayo mwaka 2017 iliingia mkataba na Fun88, kampuni ya kubeti. Newcastle ikamtoa kwa mkopo, akapita Scunthorpe, akapita Wigan, timu za daraja la tatu. Daraja lenyewe kwa jina kamili liliitwa Sky Bet League One. Kijana anafunga bao kwenye ligi yenye jina la kampuni ya kubeti, anahojiwa mbele ya ubao wa kampuni ya kubeti, kisha akifika nyumbani anatakiwa akumbuke kuwa kubeti mpira ni mwiko. Baadaye akaenda Brentford. Huko kifuani kulikuwa na Hollywoodbets ya Afrika Kusini, na mwenye klabu, bwana Matthew Benham, ni mtu aliyetajirika kwa hesabu za kubeti. Sisemi Benham ana kosa, maana hana. Nasema tu kwamba ni nyumba ambayo kila aliyemo anakula pilau, harufu imetanda mpaka barabarani, na aliyekatazwa kuonja ni mpishi peke yake.

Halafu kuna daktari. Daktari aliieleza tume kuwa Toney ana maradhi ya uraibu wa kamari, na tume ikayakubali maradhi hayo kiasi cha kumpunguzia adhabu kutoka miezi 11 hadi minane. Ni huruma kubwa. Ila kwa miezi minne ya kwanza hakuruhusiwa hata kufanya mazoezi na wenzake. Kocha asimfundishe, wenzake wasimpigie pasi, asiwe na pa kwenda asubuhi. Mgonjwa wa kamari mkamwondolea watu na ratiba, mkamwachia simu. Sisi huku tunao wagonjwa kama hao mtaani, na kama kuna dawa tuliyokuwa hatujawahi kuifikiria, ni hiyo.

Alirudi tarehe 20 Januari 2024 dhidi ya Nottingham Forest, amevaa kitambaa cha unahodha, na Hollywoodbets imetulia kifuani pale ilipokuwa siku zote. Ikatokea frikiki karibu na boksi. Tuliona sote. Kijana akainama kwa unyenyekevu, akausogeza mpira pembeni kidogo, na lile povu la mwamuzi akalisogeza nalo, likahamia pale alipopataka yeye. Akapiga, mpira ukaupita ukuta, bao. VAR wakaangalia, wakasema kanuni haziwaruhusu kuingilia jambo la namna hiyo. Bao likasimama, na Brentford wakashinda 3-2. Waheshimiwa, udanganyifu uliofanyika ndani ya mechi, mbele ya mwamuzi, kamera na dunia nzima, haukuwa na mtu wa kuushughulikia. Ila yale aliyoyafanya na simu yake yaliundiwa tume. Kibanda kizima kilicheka, hata waliokuwa wamewapa Forest ushindi kwenye mikeka yao.

Niwakumbushe historia yenu. Mwaka 2016 mliingia ushirika na Ladbrokes, kampuni ya kubeti. Aprili 2017 mkamfungia mchezaji Joey Barton miezi 18 kwa kubeti mara 1,260 katika muda wa miaka kumi, adhabu iliyopunguzwa baadaye kwa rufaa. Miezi miwili baada ya hukumu hiyo mkavunja mkataba na Ladbrokes na kutangaza kuwa hamtachukua tena pesa za kubeti. Nilishangilia. Kisha Januari 2020 ikabainika kuwa mechi za Kombe la FA, kombe lenye jina lenu, zinaonyeshwa kwenye tovuti ya Bet365, na anayetaka kutazama sharti awe na akaunti yenye pesa au awe amebeti katika saa 24 kabla ya mechi. Mkaeleza kuwa mauzo ya haki zile yalifanyika kabla ya ule uamuzi wa 2017. Ni maelezo mazuri. Nashauri mchezaji mwingine akikamatwa ayatumie hayohayo: mkeka niliuweka kabla sijaokoka.

Lakini kubeti ni nusu tu ya hadithi. Mnasoma hadi WhatsApp. Kieran Trippier alifungiwa wiki kumi na kutozwa pauni 70,000 kwa kuwadokeza marafiki kuhusu uhamisho wake wa kwenda Atlético Madrid mwaka 2019, nao wakabeti. Daniel Sturridge alikwenda miezi minne na pauni 150,000, kwa kumwambia ndugu yake aweke pesa kwamba yeye anakwenda Sevilla. Cha kusikitisha ni kwamba Sevilla kwenyewe hakwenda, alikwenda West Brom. Kanuni hiyo mkiileta Kariakoo wakati wa dirisha la usajili la Simba na Yanga, mtafungia mji mzima na muuza kahawa wake. Ninachojiuliza ni kwa nini kampuni ziruhusiwe kufungua mkeka wa nani anahamia wapi, jambo ambalo lazima mchezaji, mkewe, wakala wake na dereva wake walijue mapema. Mtego mmeuacha wazi njiani, halafu mnawinda waliokanyaga.

Na msidhani mtego huo unaishia kwenu. Tarehe 13 Julai 2017 Everton walitua hapa Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia ya Kenya. Wayne Rooney, ndiyo kwanza amerudi klabu yake ya utotoni, akaachia shuti kutoka mbali na Uwanja wa Taifa ukasimama wote. Everton walishinda 2-1. Aliyewaleta ni kampuni ya kubeti ya SportPesa, iliyokuwa kifuani mwa Everton, na mwaka huohuo ikawa kifuani mwa Simba na Yanga pia. Mtoto aliyekuwa jukwaani siku ile akiangalia huku anaona kubeti, akiangalia kule anaona kubeti, katikati kuna Rooney. Miaka miwili baadaye Rooney huyohuyo akatangazwa na Derby County kuwa atavaa jezi namba 32, na mdhamini wa Derby alikuwa 32Red, kampuni ya kubeti. Namba tu hiyo, bila shaka.

Klabu za Ligi Kuu nazo zimejirudi. Aprili 2023 zilikubaliana kuwa msimu wa 2025/26 ukiisha, kampuni za kubeti zitoke kifuani. Mikono ya jezi haikuguswa, wala mabango yanayozunguka uwanja. Yaani kubeti kuhame kama sentimita 30, kutoka moyoni kwenda begani.

Niseme basi bila kuzunguka. Bodi ya soka ina kazi moja ambayo hakuna mwingine wa kuifanya: kuhakikisha mechi ni ya kweli. Mchezaji akigusa matokeo ya mechi yake au ya klabu yake, mwondoeni, wala msimwonee haya. Akilewa na kuendesha gari, trafiki wapo. Akimpiga mtu, mahakama ipo. Akiugua kamari, hospitali ipo, na mazoezini pawepo pia. Kanuni zenu zinamkataza hata fundi bomba anayecheza daraja la nane kwa posho ya nauli asibeti soka popote duniani. Kwa hiyo akiweka pauni mbili kwenye Coastal Union dhidi ya Tanzania Prisons, mechi ambayo hata sisi hatukuitazama, ni mkosaji. Mbaya zaidi, atakuwa ameliwa na Prisons, na hiyo peke yake ingetosha kuwa adhabu.

Kwa unyenyekevu mkubwa naomba yafuatayo. Faini zote mnazowatoza wachezaji kwa kubeti zilipie matibabu ya waraibu wa kamari, wakiwemo wa huku mlikotufikishia jezi. Kila mkataba wa udhamini usomwe kwanza na kamati ileile inayosoma simu za wachezaji, kwa umakini uleule. Na fundi bomba asamehewe. Mkishindwa yote matatu, basi nifahamisheni utaratibu wa kuomba nafasi kwenye kamati ya kusoma WhatsApp. Nina uzoefu wa kutosha wa magrupu ya usajili.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtazamaji wa benchi la nyuma,
Kibanda umiza, Dar es Salaam.

Nakala:
Kamati ya Maadili ya TFF, kwa taarifa tu, wasiige.
Fundi bomba wa daraja la nane, ajifiche kwa sasa.