Rangi ya Mlango na Kamati Yake

Katika mitaa mingi ya Marekani, mtu anaweza kumaliza mkopo wa nyumba na bado asiwe na kauli juu ya rangi ya mlango wake. Kauli hiyo iko mikononi mwa kamati ya majirani. Anayetaka kubadili uzio, paa au hata sanduku la barua hujaza fomu, huambatisha mchoro na kipande cha rangi chenye jina lake la dukani, kisha hungoja. Kahawia inayokubalika na kahawia ya aibu hutofautishwa na macho ya kamati tu. Huko California sheria inaitaka kamati ijibu kwa maandishi na, ikikataa, itaje sababu. Rufaa huenda kwa bodi, yaani majirani wengine wa mtaa uleule. Aliyepaka kwanza akaomba baadaye hupigwa faini, na huenda akaamriwa kupaka upya. Serikali ya shirikisho imeingilia kwa machache: tangu 1996 inalinda dishi la setilaiti lisilozidi mita moja, na tangu 2006 bendera ya taifa. Mlango wa zambarau haujapata mtetezi.