Laptopu Sita Mbovu na Mnyapara Mmoja

Ukitaka kuunganisha laptopu kuukuu zipige hesabu kama kompyuta moja kubwa, anza kwa kupita kwa ndugu na majirani kuziomba. Usiombe nzima, utarudi mikono mitupu. Omba zilizopasuka kioo, zilizomwagikiwa chai, zilizong'olewa vitufe na watoto. Karibu kila nyumba inayo moja juu ya kabati, inangoja kupelekwa kwa fundi tangu mwaka juzi. Kwetu kioo na kibodi si hoja. Tunataka prosesa, memori na tundu la kebo ya mtandao.

Kagua betri kabla ya kitu kingine chochote. Iliyovimba itolewe; usiichaji, usiitoboe, usilale nayo chumba kimoja. Iliyo nzima iache humo humo, maana umeme ukikatika hesabu itaendelea. Ila swichi ya mtandao itakayoziunganisha haina betri, nayo itafutie.

Hii si michezo ya watoto. Mwaka 1994, katika kituo cha Goddard cha NASA, Thomas Sterling na Donald Becker waliunganisha kompyuta 16 za kawaida, wakaiita kazi yao Beowulf. Kisha huko Oak Ridge, Tennessee, William Hargrove na Forrest Hoffman walitaka kuchora ramani ya kanda za ikolojia za Marekani. Fedha zilipokosekana, wakakusanya kompyuta zilizokwisha kutupwa. Jina la mtambo wao walilitoa kwenye ngano ya supu ya jiwe: mgeni anachemsha jiwe, na kila jirani analeta alichonacho. Sisi ushirikiano huo tungeuita msaragambo.

Sasa unganisha zote kwenye swichi moja ya gigabiti. Weka Debian tupu, bila madirisha. Moja iwe mnyapara, nyingine vibarua. Mnyapara awe na funguo za SSH za kuingia kwa kila kibarua, na folda moja ya NFS wanayoiona wote. Weka Open MPI, programu ya kupelekeana ujumbe wakati wa kazi, ya toleo lilelile kila mahali. Hapo ndipo wengi hupoteza wikiendi nzima. Kwenye faili la logind.conf andika HandleLidSwitch=ignore, zisilale ukizifunga. Zisimamishe wima kama sahani zinazokaushwa, hewa ipite.

Kazi yenyewe ni kugawa kazi. Wakata vitunguu kumi wanamaliza gunia upesi, lakini pilau ikishapaliwa makaa, wote kumi wanaingoja. Gene Amdahl alilieleza hilo mwaka 1967: sehemu moja ya kumi ya kazi ikiwa haigawanyiki, hutapata kasi ya kupita mara 10, hata ukiwa na laptopu elfu. Basi chagua kazi inayokatika vipande: picha za katuni ya Blender, au kutafuta namba tasa. Na usigawe sawasawa, kwa sababu zote zitamsubiri mzee wao. Kata vipande vidogo, anayemaliza achukue kingine.

Kila mashine ipe jina la aliyekupa: shangazi, mjomba, babu. Siku ya kwanza mwagize mnyapara aulize kila kibarua jina lake. Majibu yatakuja bila mpangilio, feni zikivuma pamoja, na huenda shangazi akajibu wa mwisho. Mpigie simu umwambie laptopu yake iko kazini.