Mbaazi za Whitechapel

Kiingereza cha mama mkwe kinaishia kwenye kumshukuru dereva wa basi, lakini katika fleti yetu ya mashariki ya London hakuna anayeifuatilia tamthilia ya Ripper Street kama yeye. Akishaswali isha hukaa kwenye kochi lake, khanga begani, akafungua kesi. Inspekta Edmund Reid amemkubali, ila ana hoja naye: mwanamume gani huyu asiyelala kwake? Mkewe kapotelewa na mtoto mtoni, naye yuko kituoni anashinda na maiti!

Mkalimani ni mume wangu, na ukalimani wake ni maradhi. Sentensi moja ya Reid huifanyia darsa zima. Husimamisha picha atueleze kwamba Reid alikuwapo kweli, mkuu wa wapelelezi wa Divisheni H, Whitechapel, wakati wanawake watano walipouawa mwaka 1888 na muuaji asikamatwe. Kwamba tamthilia inaanzia 1889, watu wangali wakiogopa vivuli vyao. Mpaka amalize, chai imepoa na aliyechomwa kisu bado hajaanguka.

Wifi yangu ni muuguzi huko huko Whitechapel, naye huitazama kishari. Kwanza alisema hakuna mtaa hata mmoja anaoutambua, ikabidi kaka yake aseme kweli: sehemu kubwa ilipigwa Dublin. Kisha akamgeukia Kapteni Jackson, yule daktari Mmarekani anayepasua maiti na sigara mdomoni. "Wodini kwetu huyu asingemaliza zamu!" Na mbona kila anayelazwa mezani ni mwanamke? Hapo niko upande wake. Msimu wa kwanza unawatundika wanawake mno kama nyama ya buchani. Lakini Long Susan, mwenye danguro, anapoanza kupanga mambo kwa akili yake mwenyewe, ndipo tamthilia inapokolea, na hilo wifi hataki kulisikia. Kwake yeye, BBC walikuwa na akili timamu walipoikata mwishoni mwa 2013. Kaka yake humkumbusha kila mara kwamba Amazon waliifufua mwaka uliofuata.

Jumamosi moja Mama alikuwa kabandika mbaazi za kula na mahamri asubuhi. Kengele ya moshi alikwisha kuinyamazisha zamani: alichoka kupigiwa makelele kila akichoma chapati, akapanda kiti, akaivisha kofia ya plastiki ya kuogea.

Sehemu ya usiku huo ilijaa ukungu kuliko zote. Taa za gesi zinafifia, farasi wanasikika wasionekane, kofia zinapita kana kwamba hazina vichwa. Mume wangu akasimamisha. London ya Malkia Victoria, akasema, ilipikia makaa ya mawe na kuota makaa ya mawe, na moshi huo ukichanganyika na unyevu wa mto Thames mtu aliweza kupotea mtaani kwake mwenyewe.

"Tazameni walivyoupatia," akasema. "Mpaka harufu yake unaisikia!"

Wifi akakohoa, akakiri kwamba leo, kwa mara ya kwanza, watu hawa wamejua kazi yao.

Mama akauliza kwa nini ukungu umefika kwenye pazia.

Sufuria ilikuwa imekauka kitambo, na mbaazi zilikuwa makaa ya mawe kamili. Wifi aliruka juu ya meza ya chai, mume wangu akahangaika na dirisha lisilofunguka zaidi ya kiganja, mimi nikazima jiko kwa kupapasa. Jirani wa juu alitugongea akiwa na nguo za kulalia, mkononi kamshika paka. Mama alipoulizwa habari ya ile kofia, alijibu kuwa kengele yenyewe haina adabu: mtu anapika, yenyewe inapiga mayowe.

Asubuhi mahamri yaliliwa kwa chai tupu. Mama hakugusia mbaazi wala sufuria. Alitaka kujua jambo moja tu: yule mtoto wa Reid ataonekana? Mume wangu, aliyekwisha kuitazama yote peke yake, akamwambia avute subira. Wifi, nywele zikinuka moshi, akamwambia palepale: anaonekana, tena hai, msimu wa tatu. Tangu siku hiyo ndugu hao wawili wanasalimiana kwa shida, na Mama anashikilia turukie msimu wa tatu, hizo maiti za katikati hana haja nazo.