Mambo 7 Yanayouamua Ukuaji wa Mwani Kiooni, Kutoka Dogo Hadi Kuu

Mwani wa hadubini hauna mizizi wala majani, na hauombi shamba. Unaomba kiasi. Ukiufuga kwenye fotobayoriakta, yaani mirija au mabapa ya kioo yaliyofungwa na kupitisha mwanga, kila kizuri ukikizidisha kinageuka adha. Haya, tuhesabu tukishuka!

7. Joto
Mwani wa aina ya Spirulina unapenda nyuzijoto 35 hivi. Ule wa aina ya Chlorella mara nyingi hustawi kwenye 25 hadi 30. Jua la mchana hulipandisha joto la mrija juu ya hapo upesi, ndiyo maana wafugaji huunyunyizia maji kwa nje. Kiumbe kinaishi majini na bado kinaogeshwa! Huko Hamburg, jengo la BIQ la mwaka 2013 lina mabapa 129 ya mwani upande wa jua, na joto linalonaswa humo hutumika ndani. Kuta zina masikio, na za Hamburg zina mwani pia.

6. pH
Spirulina hustawi kwenye magadi, pH 9 hadi 10 na zaidi, kama maji ya Ziwa Bogoria ambako heroe wadogo huifuata. Magadi hayo huwafukuza wavamizi wengi. Chlorella haina ngao hiyo. Kinga yake ni kioo kilichofungwa. Ukiacha upenyo, vijidudu viitwavyo rotifa vitaingia, vitashiba, na havitaaga.

5. Kabonidayoksaidi
Kilo 1 ya mwani mkavu hutumia takriban kilo 1.8 za gesi hii. Mgeni mwenye hamu hiyo mkaribishe kiwandani, karibu na bomba la moshi! Ila gesi ikizidi, maji yanakuwa na asidi. Kwa hiyo kipima pH ndicho huachiwa kufungua na kufunga vali.

4. Oksijeni
Sisi tunaivuta kwa raha. Mwani unaitoa na unataka iondoke. Ndani ya mrija mrefu hulundikana, na kimeng'enya kinachonasa kabonidayoksaidi huanza kunasa oksijeni badala yake. Dawa ni mnara wa kutolea gesi, ambamo maji hupitishwa kila mzunguko. Hata mwani unahitaji kupumua kidogo.

3. Njaa
Punguza naitrojeni, na seli nyingi huacha kugawanyika na kuanza kuweka akiba ya mafuta. Haematococcus pluvialis ikinyimwa naitrojeni na kupigwa mwanga mkali, hubadilika kutoka kijani hadi nyekundu kwa astazanthini, rangi ileile inayoipa nyama ya samoni uwaridi wake. Kwa hiyo zilishe seli kwanza mpaka ziwe nyingi, ndipo uzifungishe. Akiba haiozi, lakini mwenye njaa hazai.

2. Kukoroga
Seli zikitulia huzama, nyingine hung'ang'ania kioo, na utando wa kijani ukaziba mwanga. Pampu kali nayo huzipasua seli laini na kuzikata nyuzi za Spirulina. Mapovu ya hewa huwa mapole zaidi. Haraka haraka haina baraka, na pampu ya fujo haina mavuno.

1. Mwanga
Huyu ndiye mfalme! Seli zilizo kando ya kioo hupata mwanga hadi mitambo yao ya usanidinuru ikaumia, ilhali zilizo sentimita chache ndani ziko gizani kwa kufunikwa na wenzao. Kuongeza taa hakuzifikii za ndani. Kupunguza unene wa maji kunazifikia. Ndiyo maana kiwanda cha Klötze, Ujerumani, kilichoanza mwaka 2000, kilitandaza kilomita 500 za mirija myembamba ya kioo. Inyooshe kutoka Nairobi, utafika Mombasa.

Wafugaji wa Spirulina wana kipimo cha bei nafuu: kibamba cheupe kwenye kijiti chenye alama za sentimita. Wanakizamisha wakikitazama. Kikipotea machoni kabla ya sentimita 3, mwani umejaa na wakati wa kuvuna umefika. Basi kabla hujanunua taa ya pili, zamisha kijiti, kisha vuna. Ziache seli zilizobaki zione jua.